Umeme Unakwenda Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupima Matumizi ya Nyumba Laini kwa Laini

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, Dar es Salaam. Maswali haya huulizwa nikiwa juu ya ngazi na bisibisi mkononi, mwenye nyumba amesimama chini na rundo la risiti za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Nimeyajibu kwa urefu pale ambapo watu hukosea zaidi.

Kupima laini kwa laini ni kupima nini hasa?

Fungua mlango wa bodi ya umeme ya nyumba yako, ile yenye meni swichi na breka. Kila breka inalisha laini moja: taa, soketi za sebuleni, jiko, hita ya bafuni, pampu ya maji, AC ya chumbani. Nyumba nyingi za mjini zina bodi ya njia 6 au 8. Mita ya LUKU inahesabu jumla ya laini zote. Ni kama muuza duka anayekutajia jumla ya deni la mwezi bila kukuonyesha daftari. Kupima laini kwa laini ni kulifungua hilo daftari: sukari kiasi gani, unga kiasi gani, mafuta kiasi gani.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona nyumba nyingi zikigombana bila daftari. Analaumiwa dada wa kazi kwa pasi, wanalaumiwa watoto kwa TV, analaumiwa mpangaji wa chumba cha uani kwa feni. Mara nyingi anayelaumiwa hahusiki kabisa.

Yuniti moja ni nini, na inanigharimu shilingi ngapi?

Yuniti ni kilowati-saa moja: wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Pasi ya wati 1,000 iliyo moto mfululizo kwa saa moja ni yuniti moja. Taa ya wati 10 itachukua saa 100 kuimaliza yuniti hiyo hiyo.

Kwa viwango vya Tanzania vilivyoanza 2016, kundi la T1 ambalo nyumba nyingi za mjini zimo ni shilingi 292 kwa yuniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, unafika kama shilingi 356. Ndiyo maana 10,000 inakupa yuniti 28. Kundi la D1, la matumizi madogo, ni shilingi 100 kwa yuniti 75 za kwanza za mwezi, na 350 kwa kila yuniti inayozidi hapo. Pamoja na tozo, yuniti 75 ni 9,150, namba ambayo kila mwenye D1 anaijua kwa moyo.

Sasa angalia hapa. Mtu wa D1 akitumia yuniti 90, zile 15 za ziada zinamgharimu shilingi 6,405. Yuniti 15 kwa mwezi ni nusu yuniti kwa siku, sawa na wati 21 tu zinazowaka usiku na mchana. King'amuzi na sabufa zisizozimwa ukutani zinaweza kufika hapo. Watu hutafuta kosa kwenye vitu vikubwa, wakati kilichowavusha mstari ni kitu kidogo kisicholala.

Kenya nako matumizi ya nyumbani yamegawanywa kwa makundi, na mipaka yake ni yuniti 30 na yuniti 100 kwa mwezi. Hesabu ya kujua nani amekuvusha mpaka ni ile ile.

Mbona mara nyingine 10,000 inaleta yuniti chache? LUKU inaniibia?

Angalia risiti kabla ya kuishuku mita. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500. Ukinunua 10,000 kwa mara ya kwanza mwezi huo, kinachobaki ni 8,500, yaani kama yuniti 23.9 kwa T1. Ukirudi kununua tena mwezi huo huo, zinakuja 28.

Kama bado una shaka na mita, jaribio ni rahisi. Shusha breka zote, pandisha laini moja yenye jagi la umeme tu. Jagi la wati 2,000 kwenye mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani mapigo 1,000 kwa yuniti, linapaswa kufanya kitaa chekundu kipepese kila baada ya sekunde 1.8, yaani mapigo 10 kwa sekunde 18. Usishtuke ukipata sekunde 21 au 22. Umeme ukiwa volti 210 badala ya 230, jagi hilo linavuta kama wati 1,670 tu, kwa sababu nguvu ya hita hushuka haraka kuliko volti. Tofauti ikiwa kubwa sana, mapigo yakikimbia mara mbili kwa mfano, pigia simu TANESCO, shirika la umeme. Mita na sili yake ni mali yao. Usiiguse wala usikubali fundi wa mtaani aiguse.

Sina hela ya kununua kifaa chochote. Nianzie wapi?

Anzia na kalamu, kipande cha gundi ya karatasi na mtu mmoja wa kukusaidia. Nyumba nyingi ninazoingia, bodi haina hata neno moja lililoandikwa. Breka sita zimekaa kimya na hakuna anayejua ipi ni ipi. Washa taa zote, chomeka kitu kwenye kila soketi, chaja za simu zinatosha. Shusha breka ya kwanza, kisha mwenzako azunguke nyumba nzima akitaja kilichozimika. Andika, bandika, pandisha, nenda ya pili. Utapata mambo ya ajabu: taa ya nje imeungwa kwenye laini ya jiko, soketi moja ya chumba cha watoto inatoka kwenye laini ya AC. Yaandike hivyo hivyo yalivyo. Bila ramani hii hata kifaa cha bei kubwa kitakudanganya.

Kisha nenda kwenye mita. Tafuta maandishi madogo yenye imp/kWh. Zipo za 1000, zipo za 1600, zipo za 3200. Hiyo ndiyo idadi ya mapigo ya kile kitaa chekundu kwa yuniti moja. Kwenye mita ya 1000, chukua 3,600 ugawe kwa sekunde zilizopita kati ya pigo na pigo. Jibu ni wati zinazotumika muda huo. Sekunde 3.6 ni wati 1,000. Sekunde 18 ni wati 200. Mita ikiwa ya 1600, gawa 2,250 badala ya 3,600.

Fanya hivi usiku, watu wamelala, kila kitu kikiwa kama mnavyokiacha siku zote. Kaa na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Chukua mfano huu: kitaa kinapepesa kila sekunde 18, yaani wati 200, na friji inaunguruma. Ukishusha breka ya friji, kinapepesa kila sekunde 60. Kumbe kuna wati 60 zinaliwa na vitu ambavyo kila mtu anaamini vimezimwa. Wati 60 kwa mwezi mzima ni yuniti 43, na kwa T1 hizo ni zaidi ya shilingi 15,000. Shusha sasa laini moja moja, ukihesabu kila mara, mpaka uione iliyo nazo. Kazi yote haizidi saa moja.

Si bora ninunue plagi ya kupima niwe napima kifaa kimoja kimoja?

Kwa friji, TV na kompyuta, plagi ya kupima ni nzuri na ni rahisi, inunue. Ila haiingii kwenye vitu vinavyokula zaidi. Hita ya bafuni, jiko, AC na pampu nyingi zimeungwa moja kwa moja, hazina plagi. Zaidi ya hapo, plagi nyingi za kupima zimetengenezwa kwa ampea 10 au 16. Hita ya kuogea ya papo hapo ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Nimewahi kuchomoa plagi janja iliyoyeyuka ikashikana na soketi. Aliyeinunua aliambiwa dukani kwamba inabeba kitu chochote.

Na plagi haioni waya. Kama hitilafu iko kwenye nyaya za ukutani, au kuna mtu amejiunga kwenye soketi ya nje, utaiona kwenye bodi tu.

Klampu inapimaje umeme bila kukata waya?

Umeme ukipita kwenye waya, waya unazungukwa na usumaku unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Klampu ni pete ya chuma inayofunguka, ndani yake pamezungushwa uzi mwembamba wa shaba mizunguko mingi. Usumaku wa waya mkubwa unaamsha umeme mdogo kwenye ule uzi, na uwiano wake unajulikana. Klampu maarufu ya bluu, SCT-013-000, inageuza ampea 100 kuwa miliampea 50, yaani sehemu 50 za elfu za ampea moja. Kifaa kinasoma huo mdogo na kukokotoa mkubwa. Hakuna waya unaochunwa.

Tahadhari moja: klampu ikiwa imebana waya wenye mzigo, nyuzi zake mbili zisiachwe wazi bila kuungwa kwenye kifaa. Kuna aina ambazo hujenga volti kubwa sana zikiachwa hivyo. Chomeka kwanza kwenye kifaa, ndipo ubane waya.

Nimebana waya wa jiko na inasoma sifuri. Klampu ni mbovu?

Umebana waya wote, moto na nyutro pamoja. Umeme unaokwenda na unaorudi uko sawa, sumaku zake zinafutana. Bana waya wa moto peke yake, pale unapotoka kwenye breka. Kwa hiyo kubana ekstensheni kwa nje hakukupi kitu.

Lakini kosa hili lina faida kubwa, nami nalitumia karibu kila wiki. Ukibana moto na nyutro ya laini moja kwa makusudi, ukapata namba isiyo sifuri, ina maana kuna umeme unaotoka na haurudi kwa njia yake. Unapita ardhini. Kwenye hita ya maji iliyooza ndani, hiyo ndiyo dalili ya kwanza, kabla mtu hajapigwa shoti bafuni. Kwa kazi hiyo tumia klampu inayosoma miliampea, si ya ampea kubwa. Na kama bodi yako haina RCD, ile yenye kitufe cha TEST inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30, iweke kwanza kabla ya kununua kifaa chochote cha kupimia. Hilo silijadili na mtu.

Jambo lingine: soketi zilizofungwa kwa pete, breka moja hutoa nyaya mbili za moto. Zipitishe zote mbili ndani ya klampu moja, kwa uelekeo mmoja, la sivyo utasoma nusu.

Nikishapata ampea, si nazidisha kwa 230 tu?

Kwa pasi, jagi na hita, inakaribia ukweli, mradi upime na volti za siku hiyo. Kwa vitu vyenye mota na vifaa vya kielektroniki, hapana. Friji, pampu, feni na taa nyingi za LED huvuta ampea ambazo sehemu yake haifanyi kazi. Zinakwenda na kurudi. Mita ya nyumbani hulipisha kazi iliyofanyika tu. Taa ya LED ya bei rahisi inaweza kuonekana inavuta mara mbili ya inacholipiwa. Mtu mwenye mita ya klampu ya mkononi akizidisha kwa 230 atalaumu friji kwa kosa lisilo lake.

Ndiyo maana kifaa cha maana husoma ampea na volti kwa pamoja, mara nyingi kwa sekunde, na kuvilinganisha. Ukienda kununua, uliza swali moja: kinapima volti, au kinazikadiria? Kama kinazikadiria, kiache dukani. Umeme wetu hushuka jioni watu wakipika, na makadirio yataharibika saa hizo hizo unazotaka kuzielewa.

Ninunue kifaa gani?

Inategemea laini ngapi unataka kuzijua na kama unapenda kuchezea mitambo.

Kwa laini moja au mbili, Shelly EM, ya kampuni ya Bulgaria, ina njia mbili za klampu na inaingia ndani ya bodi. Kwa bodi nzima, IoTaWatt ina njia 14 na Emporia Vue ya kizazi cha pili huja na hadi klampu 16. IoTaWatt huhifadhi kumbukumbu yenyewe kwenye kadi, haihitaji kutuma kitu nje ya nyumba. Wanaojua kuunganisha wenyewe wana PZEM-004T, kibodi kidogo cha Kichina kinachopima hadi ampea 100 na kuongea na vikompyuta vidogo kama Arduino au ESP32. Vijana wengi wa vyuo vyetu wamefanyia miradi yao, na kinafanya kazi vizuri kwa bei yake.

Njia ninayoipenda kwa watu wasiotaka Wi-Fi wala programu ni mita ndogo za kubandika kwenye reli ya bodi, moja kwa kila laini kubwa. Zina namba zinazopanda tu, kama mita za zamani. Unazisoma Jumapili asubuhi, unaandika kwenye daftari. Hazipotezi nenosiri wala haziishiwi bando.

Chochote utakachochagua, linganisha ukubwa wa klampu na laini. Klampu ya ampea 100 kwenye laini ya taa inayovuta nusu ampea haioni vizuri. Tafuta ya 20 au 30. Ukikosa, zungusha waya mara tano ndani ya pete na ugawe jibu kwa tano.

Ndugu yangu yuko Marekani, anataka kuniletea kifaa kwenye begi. Kitafaa?

Aangalie kwanza. Nyumba za kule zina nyaya mbili za moto za volti 120 kila moja, ambazo pamoja zinatoa 240, na umeme unabadilika mara 60 kwa sekunde. Sisi tuna waya mmoja wa moto wa 230 na mara 50. Baadhi ya vifaa vinakubali pande zote, vingine vitasoma nusu ya matumizi, na kuna vitakavyoungua siku ya kwanza. Maelezo ya kifaa yawe yameandikwa wazi kwamba kinakubali fezi moja ya volti 230 na hezi 50.

Naweza kufunga mwenyewe?

Kuandika majina ya breka na kuhesabu mapigo ya mita, fanya mwenyewe. Kufungua kifuniko cha ndani cha bodi, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Watu wengi huamini kwamba ukizima meni swichi bodi yote imekufa. Si kweli. Nyaya zinazotoka kwenye mita kuja juu ya meni swichi zina umeme muda wote, na hazikatiki mpaka wakate TANESCO. Klampu kuu, ile inayopima nyumba nzima, inabanwa karibu kabisa na nyaya hizo.

Ukiwa na fundi, mtazame: apime kwa multimita kabla ya kugusa, si kwa bisibisi ya testa pekee, maana ile taa yake ndogo huweza kukudanganya. Aikaze upya kila skrubu ya breka kabla ya kufunga kifuniko. Mara nyingi nakuta zimelegea, na skrubu iliyolegea huchemka mpaka plastiki inageuka kahawia.

Nikishafunga, naona nini?

Siku mbili za kwanza utaona michoro tu. Siku ya tatu utaanza kuitambua kama sauti za watu wa nyumbani. Friji nzima hupanda na kushuka kwa mpangilio, inafanya kazi, inapumzika. Raba ya mlango wake ikichakaa, mapumziko yanakuwa mafupi, na siku moja utaona haipumziki tena. Pasi hupanda wima, inashuka, inapanda, kadiri inavyojizima na kujiwasha. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 huchemka mwanzoni, halafu hukaa muda mrefu bila kuvuta kitu, ndiyo maana maharage yake ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Hita ya kuogea ni mnara: wati 5,500 kwa dakika kumi, karibu yuniti moja, mtu mmoja ameoga.

Nyumba moja niliitwa na mama mwenye nyumba ambaye alikuwa amekwisha toa hukumu. "Fundi, umeme wangu unaisha kabla ya wakati. Huyu binti anapiga pasi kila siku." Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, hasemi kitu. Nilifunga klampu kwenye laini sita, nikaomba wiki moja. Laini ya soketi za pasi ilikuwa na yuniti mbili na ushee kwa wiki nzima. Laini ya pampu ya kusukuma maji ya ndani ilikuwa na 28. Mchoro wake ulikuwa kama meno ya msumeno: sekunde 40 inawaka, dakika tatu na kidogo inalala, sekunde 40 tena, saa nane za usiku, saa tisa, saa kumi, nyumba nzima imelala. Pampu ya wati 1,000 kwa mtindo huo inakula yuniti 4 kwa siku. Kwa mwezi ni 120, zaidi ya shilingi 42,000.

Tulikwenda kwenye vyoo. Kwenye tanki la choo cha wageni, raba ya chini ilikuwa imekatika. Maji yalikuwa yakishuka kwenye bakuli kama uzi mwembamba, bila sauti yoyote. Presha ikishuka, pampu inaamka kuijaza. Raba mpya ilimaliza kazi. Mama alimwita binti mbele yangu akamwomba radhi. Siku ile nilirudi nyumbani nimefurahi kuliko kwa malipo.

Tunashirikiana LUKU moja wapangaji watano. Tugawaneje kwa haki?

Swali hili linagusa watu wengi, na ndipo upimaji wa laini una thamani kuliko popote. Utaratibu wa kawaida ni kila chumba kuchanga sawa, au mwenye friji kuongeza kiasi kilichokisiwa. Mwenye taa moja na simu analipia friza ya jirani anayeuza barafu. Mwenye friji naye anaonewa akiambiwa alipe nusu, wakati friji ndogo nzima haizidi yuniti moja kwa siku. Kila upande una sababu ya kununa.

Dawa ni mita ndogo kwa kila chumba, zikae mahali ambapo wapangaji wote wanaziona, si ndani kwa mwenye nyumba. Kabla ya kuzifunga hakikisheni kila chumba kina laini yake kutoka kwenye bodi. Nyumba nyingi vyumba vitatu vinaning'inia kwenye breka moja, na hapo fundi atalazimika kuvuta nyaya upya. Muulizeni mwenye nyumba alipie nyaya, wapangaji mlipie mita. Nimeona mapatano hayo yakifanikiwa.

Someni siku moja kila mwezi, watu wawili kwa pamoja, piga picha namba zote. Gawanyeni kwa yuniti, si kwa shilingi za kukisia. Taa za uani, pampu na geti ziwe na mita yao, na hiyo igawanywe sawa kwa wote. Kodi ya jengo ni jukumu la mwenye jengo. Kama inakatwa kwenye LUKU mnayonunua ninyi, ongeeni naye aipunguze kwenye kodi ya chumba. Na mkiwa mko D1, kumbukeni kwamba zile yuniti 75 za bei nafuu ni za mita nzima, si za kila chumba. Kwa hiyo bei ya yuniti mtakayotumia kugawana ni shilingi zote za mwezi mkigawa kwa yuniti zote za mwezi.

Jumla ya laini zangu hailingani na LUKU. Kosa liko wapi?

Tofauti ya asilimia mbili au tatu isikusumbue. Ikiwa kubwa, tazama kwanza klampu iliyogeuzwa. Nyingi zina mshale, na ukiugeuza kifaa kinaweza kutoa badala ya kujumlisha. Kisha tafuta laini iliyosahaulika, mara nyingi kengele au taa za uzio zilizochukuliwa kabla ya bodi. Kama klampu kuu inakubaliana na LUKU lakini laini hazifiki, kuna waya usioujua. Ufuate mpaka uuone mwisho wake. Niliwahi kuufuata mmoja ukanipeleka nje ya ukuta, kwenye kibanda ambacho hakikuwa cha nyumba ile.

Umeme ukikatika au intaneti ikiisha, kumbukumbu zinapotea?

Kifaa kinazimika umeme ukikatika, na hakuna matumizi ya kupima wakati huo. Kinachohifadhi ndani yake kitaendelea kilipoishia. Kinachotegemea kutuma nje ya nchi kitaacha pengo kila bando likiisha, na pia kinampa mtu wa mbali habari za saa mnazotoka na kurudi nyumbani. Mimi huwashauri watu wachague kinachohifadhi ndani. Weka na kinga ya volti zinazoruka ghafla, maana hatari kubwa ni pale umeme unaporudi.

Kuna vifaa vinavyodai klampu moja kuu inatosha, vitatambua kila kitu vyenyewe. Kweli?

Wazo hilo ni la kweli na ni la zamani. George Hart wa MIT, chuo cha Marekani, alilifanyia kazi miaka ya 1980 na makala yake ya 1992 bado ndiyo msingi wake. Kifaa hutazama jumla inaporuka na kukisia ni nini kimewashwa. Kwa jagi na friji kinaweza. Kwa vitu vidogo visivyolala, vile vile vinavyomvusha mtu wa D1, kinakosea sana. Klampu kwenye laini haikisii.

Nina sola na inveta. Inabadilika?

Bana kwenye laini zinazotoka kwenye inveta kwenda nyumbani, na nyingine kwenye waya wa TANESCO unaoingia. Uelekeo wa mshale sasa una maana kubwa. Utajua laini zipi zinamaliza betri kabla ya alfajiri. Mara nyingi ni friza na router pamoja na kamera, si taa.

Na kifaa chenyewe cha kupimia, hakili umeme?

Kinakula. Cha wati 3 ni yuniti 2 na ushee kwa mwezi, chini ya shilingi 800 kwa T1. Kipe laini yake yenye breka ndogo, na uibandike jina kama nyingine.